Manjano ya Usoni Yamehamia Kwenye Gauni la Wifi

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla wifi yangu hajarudi safari, maana akirudi nami bado nimenyamaza, kuna mtu asiye na kosa atafukuzwa kazi kwa sababu ya mashavu yangu.

Mimi ni fundi cherehani, nashonea chumba cha mbele nyumbani kwetu, na wifi yangu, dada mdogo wa mume wangu, anaolewa mwisho wa mwezi na gauni lake jeupe nalishona mimi. Siku aliyokuja kupimwa akaniangalia mashavu, yana madoa meusi ya chunusi za zamani, akasema, "Wifi, siku ya picha utakaa nyuma kidogo au utajipaka poda?" akacheka, na mimi nikacheka, lakini liliniuma, mshauri, alipoondoka nikaenda kulia bafuni. Basi mteja wangu mmoja akanambia manjano ya jikoni ukichanganya na asali yanafifisha madoa, unapaka dakika kumi unaosha, na mimi nikaona kama dakika kumi zinasaidia basi kutwa nzima itasaidia zaidi, nikawa napaka asubuhi nakaa nayo kwenye cherehani mpaka jioni, na sisi mafundi unatujua, uzi tunakata kwa meno hata mkasi ukiwa mapajani, kwa hiyo kila nikiinama kukata uzi shavu lilikuwa linajifuta kwenye kifua cha gauni na sikujua mpaka nilipolitundika nikaona doa la njano ukubwa wa kiganja.

Nikachukua sabuni ya mche nikasugua, doa likageuka jekundu, nikazidi kusugua likazidi kuwa jekundu, na hapo hapo wifi akaingia, nikavuta mtandio uso wote mpaka machoni asione manjano, akauliza, "Hiki nini tena?" nami nikajikuta nimesema kitambaa kimetoka dukani hivyo. Yule dada wa duka la vitambaa ndiye aliyetukatia, ni mtu mwema, huniwekea vipande vizuri kabla havijaisha, na wifi, aliyekuwa anasafiri kesho yake, akampigia mwenye duka pale pale, naye amesema gauni lipelekwe wifi akirudi wiki ijayo, na doa likionekana huyo dada hana kazi. Nikisema ukweli nitachekwa na ukoo mzima, nikinyamaza silali. Madoa meusi yenyewe bado yapo, ila sasa na uso mzima ni wa njano. Nifanyeje?

Fundi asiyekula wala kulala

JIBU

Fundi, pole, na unisamehe, kwa sababu nilipofika kwenye sabuni ya mche ilibidi niiweke barua chini nicheke kwanza.

Tuanze na uso. Nani alikwambia manjano ni rangi ya ukuta, unapaka unangoja ikauke? Uliambiwa dakika kumi. Haraka haraka haina baraka, na mashavu yako ni shahidi. Pumzisha ngozi wiki mbili. Ukitaka kujaribu tena, paka kidogo ndani ya mkono kwanza uone kama unawashwa, kisha usoni dakika hizo hizo kumi, osha, mara moja au mbili kwa wiki, ukiwa mbali na kazi ya watu. Usitumbue chunusi, jikinge na jua, na usije ukakimbilia limau, litakuunguza. Madoa ya namna hiyo huchukua miezi kufifia, na yakigoma kuna daktari wa ngozi.

Gauni nalo lina dawa. Sabuni ndiyo iliyoligeuza jekundu. Suuza kwa maji mengi mpaka njano irudi, kisha lianike juani siku mbili tatu, manjano huwa hayavumilii jua. Likibaki hata kivuli, fumua kifua ukate kingine. Hiyo ni kazi yako, unaijua kuliko mimi.

Sasa nakugombeza. Wifi yako alikukosea kwa maneno, lakini yule dada wa duka amekukosea nini? Anakuwekea vitambaa vizuri, nawe unamwekea kosa lako mezani kwa bosi wake. Njia ya mwongo ni fupi, na yako inaishia siku wifi atakaposhuka na mabegi. Unaogopa kuchekwa, mwenzako anaogopa kukosa kazi. Hofu hizo mbili hazilingani, fundi, na wewe unajua.

Kwa hiyo ukimaliza kusoma hapa, nenda dukani kwa miguu yako, mwambie mwenye duka kosa ni lako, na dada huyo awepo akisikia. Umwombe radhi mbele ya bosi wake.

Ukirudi nyumbani mpigie wifi yako, mpigie kwa video, na uso usiupake poda. Atacheka mpaka akae chini. Mwache acheke, kisha mweleze yote bila kuruka, manjano, meno, sabuni na uongo wako, na mwisho mwambie kwamba yale maneno yake ya picha yalikuliza bafuni. Hapo ndipo atakapoacha kucheka.