Mama Kaandikwa Mgeni

Kaka yangu mpenzi,

Hatujambo. Paa la duka halivuji tena, na mwanangu ameota jino. Ila Mama hali chakula tangu Jumanne.

Karani wa soko alipita na daftari, akiuliza kila mwenye duka kabila lake. Mama akamweleza kuwa babu yake alikuja na misafara ya chumvi, bibi yake ni wa mtaa huu, naye mwenyewe alizaliwa chumba cha nyuma, juu ya magunia. Karani akaandika neno moja: mgeni. Wageni watahamishiwa nje ya mji.

Kaka, nani asiye mgeni katika mji huu uliojengwa na wapita njia?

Nikamgeukia fundi cherehani, jirani yetu, uliyenyonya naye ziwa moja la Mama. "Sema basi, wewe unatujua." Akainamia cherehani yake, akaendelea kushona.

Sasa kila asubuhi anatuwekea ndoo ya maji mlangoni. Mama anaimwaga mbele ya macho yake.

Mimi sihami. Njoo, wakifika kutuhamisha watukute wawili mlangoni.

Ni mimi, dada yako.