Mtu Mdogo Chini ya Mti

Jumanne, 4 Machi 2025

Leo darasa limeenda makumbusho kuona picha za zamani za Italia. Mchoraji anakwaruza bamba la shaba, asidi inachimba mistari, kisha anachapa kwa wino. Miti mikubwa, miamba, mto. Na watu? Wadogo kama sisimizi! Wenzangu walicheka. Mimi nilimkodolea mmoja mwenye mzigo mgongoni mpaka kioo cha picha kikaingia ukungu wa pumzi yangu.

Nimeandika kwenye daftari la sanaa, ukurasa wa tano: bila yeye, mti hauna ukubwa. Na njia ile ipo kwa sababu yeye anaikanyaga.

Darasani sikusema kitu. Kawaida yangu. Lakini Ijumaa kila mtu atazungumza kuhusu picha hizo, na Bw. Samson, mwalimu wa sanaa, atachagua mmoja aende kozi ya uchapaji likizoni. Naitaka. Mungu, naitaka!

Jumatano, 5 Machi

Amisha ameomba daftari anakili michoro. Nimempa — si ndiye rafiki yangu wa pekee? Maandishi yote ni Kiswahili, na yeye, kama wote shuleni huku ughaibuni, hajui hata neno. Ndiyo maana humo naandika kila kitu.

Ijumaa, 7 Machi

Amesema maneno yangu. Yote! Mti, ukubwa, njia. Mimi zamu yangu ilipofika nikatikisa kichwa, akaitwa mwingine. Nafasi amepewa yeye.

Nilimkuta kwenye ngazi. Hata hakuona haya. Bibi yake, Lata, alizaliwa Kisumu — alimsomea na kumtafsiria daftari lote jikoni, akifurahi Kiswahili kimemrudia. Kisumu! Na nilijua. Nilisahau vipi?

"Kwani wewe ungesema?" akaniambia. "Wewe hata ukiitwa jina huitiki."

Halafu, akinirudishia daftari, polepole: "Na ile ya mama yako... pole."

Ukurasa wa sita. Yule wa mzigo alinikumbusha Mama akitoka zamu ya kuhudumia wazee. Basi nikaandika ukweli: mkutano wa wazazi haukuahirishwa. Nilimdanganya. Niliogopa wamwone na yunifomu yake.

Jumatatu, 10 Machi

Nimemwambia Bw. Samson maneno yale ni yangu, yamo daftarini. Mimi, nimesema! Akasema yeye hasomi Kiswahili; kesho nilete daftari, na mzazi aje amsomee. Ameshampigia Mama.

Mama amefurahi ajabu. Anafuta miwani. "Jedidah, kuja na hilo daftari, mama. Wacha nione hako kamtu kako."

Nimesema nakuja.

Anataka ukurasa wa tano. Wa sita uko mgongoni mwake, karatasi ile ile. Nikiuchana, na wa tano unaenda.

Anaita tena —