Siku Mshale Ulipoanguka na Kinu Kikaendelea Kusaga

Nakuru

Kwa mpenzi wangu Mama Wekesa,

Je, kikohozi cha mtoto kimepoa? Na wewe mgongo unasemaje? Mimi ni mzima, ila baridi inayoshuka kutoka Molo wiki hii ni kama imetumwa kunitafuta.

Umenilaumu kwamba sijajibu kuhusu ninyi kuja kukaa nami. Sikuwa na uso wa kuandika. Kinu cha tatu cha unga, ninachokihudumia, kilikuwa kimesimama. Kila tulipokiwasha pamoja na vile vingine viwili, nyaya zilichemka na fyuzi zikakatika. Meneja akasema nyaya zimejaa, haziwezi kubeba vinu vitatu, na sisi wanne wa kinu hicho tutaachishwa mwisho wa mwezi. Na hapa asiye na kazi hana chumba.

Jumanne akaja fundi Mhindi na masanduku sita ya chuma. Aliyaita kapasita. Ndani hakuna gurudumu, hakuna moto, hakuna kinachocheza. Nilicheka waziwazi, unanijua.

"Usicheke, bwana," akaniambia. "Mota yako navuta umeme mbili. Moja nafanya kazi. Ingine naenda na kurudi bure, najaza waya. Hii sanduku tapatia mota hiyo ya pili hapa hapa. Waya tapata nafasi."

Tukawasha vinu vyote vitatu. Mshale wa mita ya umeme ukapanda hadi mwisho. Hapo fundi akavuta kishikio cha masanduku yake, na mshale ukaanguka. Sisi tunajua mshale ukianguka hivyo, mkanda wa mota unaozungusha kinu umeruka. Nikapiga kelele, "Mkanda! Mkanda umetoka!" nikakimbilia swichi nizime. Nyapara akanidaka mkono.

"Wewe! Unazima nini? Si uangalie unga!"

Unga ulikuwa ukimwagika kama kawaida. Mkanda uko mahali pake, mota ina nguvu zile zile, na umeme unaopita kwenye nyaya umepungua! Mke wangu, nilivua kofia kama niko kanisani, wala sikuona haya. Mpaka jioni hakuna fyuzi hata moja iliyokatika. Bado naenda kuyatazama masanduku yale wakati wa chai, yamenyamaza tu pale ukutani, na siamini.

Jana meneja alituita. Hakuna anayeondoka.

Nisalimie mama na ndugu yangu anayemlimia, na mwalimu wa kanisa asiyechoka kuuliza habari zangu. Kisha funga mizigo. Jumamosi nitakuwa stesheni, na kila Jumamosi, mpaka nikuone ukishuka.

Mumeo,
Baba Wekesa