Kichwa cha Baba

Ha'ano, 4 Machi

Mwanangu Losaline,

Salamu nyingi. Sisi wazima, ila nyonga yangu inanikumbusha umri kila asubuhi. Wewe je, unakula, au bado unaishi kwa chai na biskuti?

Jumapili mchungaji alisoma gazeti mbele ya kanisa zima: kwamba umefikisha macho elfu mbili uliyoyapasua na kuyaponya, na kwamba umetunukiwa nishani huko mjini Nuku'alofa. Wanawake walilia. Yule Vika aliyekuwa akisema msichana wa kisiwa hiki cha Ha'ano hawezi udaktari alilia kuliko wote, mnafiki yule. Baba yako alijifanya anapiga chafya ili apate kufuta machozi.

Sasa nikwambie asichotaka nikwambie. Jicho lake la kushoto unajua lilivyotobolewa na kifuo, siku ile alipoteleza akifua nazi. Na hili la kulia sasa limeingia ukungu mweupe. Jana alitoka kwenda kanisani, akaelekea baharini. Maji yalipomfika magotini ndipo akasimama, akaita jina langu. Losaline, sijawahi kuogopa namna ile.

Naandika kwa sababu kwenye simu angenisikia, masikio yake mazima. Samehe mwandiko na doa hili la chai. Vile vikombe vya maua ulivyotuletea vimebaki viwili.

Shangazi yako,
Kalolaine

Nuku'alofa, 21 Machi

Shikamoo Shangazi,

Natumaini barua hii itakukuta salama na nyonga imetulia. Mimi sijambo, na ninakula.

Barua yako nimeisoma nimesimama, kisha nikakaa. Miaka kumi na moja nazunguka visiwani nikifungua macho ya watu kwenye kumbi za makanisa na madarasa ya shule, na la baba yangu sikulijua. Nishani nimeifungia kabatini.

Huo ni mtoto wa jicho, kumtoa ni kazi ya dakika ishirini. Lakini kichwa cha baba nitakishikaje? Unakumbuka nilipokuwa na miaka sita, nikamtoa jani kwenye nywele? Wewe ndiye uliyenichapa mkono. Ulisema mtoto hagusi kichwa cha baba yake, na akigusa lazima mtu alipe kwa mwili wake. Nimesoma vitabu vingi tangu siku ile, Shangazi, lakini mpaka leo nikipita karibu naye amekaa, nainama.

Mwezi wa tano timu yetu ya macho inakuja Lifuka, kisiwa cha jirani yenu, kwa siku kumi. Daktari Ilaitia, Mfiji wa Suva, atakuwepo, naye ndiye atakayemfanyia. Nakiri nilifurahi kupata mtu wa kujificha nyuma yake.

Mwanao,
Losaline

Ha'ano, 18 Aprili

Mwanangu,

Hatujambo, tunashukuru. Baba yako amekubali. Anasema Mfiji anaweza kumshika kichwa, mradi asikumbuke mechi ya raga ya mwaka jana tuliyowafunga. Amecheka mwenyewe, kisha usiku kucha nikamsikia anaomba.

Mimi nimeanza kumsukia daktari mkeka, ila unakwenda polepole, vidole vimekuwa vizito. Ni uzee tu.

Shangazi yako

Lifuka, 11 Mei

Shikamoo Shangazi,

Nisamehe, leo sina salamu ndefu. Barua hii namkabidhi nahodha wa boti.

Ilaitia haji. Amelazwa Suva, amepasuliwa tumbo. Nimebaki mimi peke yangu.

Jumatatu baba alipokuja kupimwa, muuguzi alimshika kichwa, mimi nikatazama kwa darubini bila kumgusa. Mtoto wa jicho amekomaa mno na presha ya jicho inapanda. Akingoja tupate daktari mwingine, hapatakuwa na cha kuokoa. Na nikimfanyia mimi, mkono ukiteleza kidogo tu, hilo ndilo jicho lake la mwisho.

Jana nilijipima kwa jicho la nguruwe. Mkono ulitetemeka. Macho elfu mbili, Shangazi, na haujawahi kutetemeka.

Wewe ni dada yake, kwa mila yetu uko juu yake, na neno lako halipingwi. Niambie nifanye nini.

Mwanao

Ha'ano, 12 Mei

Mwanangu,

Nimekwenda nikasimama mlangoni kwake nikamwambia. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Dada, mimi giza nimeshalizoea. Mikono ya mtoto wangu ikipooza, nani atawafungua macho watu wa visiwa?" Kumbe muda wote huo hofu yake haikuwa kwa ajili yake.

Nikamjibu kwamba nilikuchapa mimi, na mimi ndiye nitakayekufungulia. Kesho kutwa tunapanda boti. Nitakaa kichwani pake na kumshika paji la uso kwa mkono wangu wa kulia. Wako utakaa juu ya wangu. Kama kuna la kulipwa, litanikuta mimi kwanza.

Usibishane nami. Na ule kitu kabla ya kazi.

Shangazi yako

Nuku'alofa, 20 Mei

Shikamoo Shangazi,

Natumaini boti iliwarudisha salama. Tuliondoka Lifuka kwa haraka mno, sikukushukuru.

Sijui kama uliniona vizuri, ukiwa umevaa lile joho la kijani na barakoa imekufika machoni. Nilipoweka mkono wangu juu ya wako nilitaka kukimbia. Mkono wako ulikuwa wa baridi. Nikahesabu pumzi tatu za baba, nikaanza, na sikutetemeka hata mara moja. Siku ya pili tulipotoa bandeji alinitazama usoni muda mrefu, kisha akashuka kutazama mikono yangu, akaigeuza huku na huku.

Mhimize aweke matone, mara nne kwa siku. Nawe niandikie unavyojisikia. Nasubiri.

Mwanao

Nuku'alofa, 1 Julai

Shikamoo Shangazi,

Hii ni barua ya tatu bila jibu. Simu inaita tu, haipokelewi.

Leo sokoni nimekutana na binamu yake Vika. Anasema mkono wako umekufa. Nimemuuliza ni upi, akasema wa kulia. Mfuko wa magimbi uliniponyoka palepale.

Wiki iliyopita nilikuwa kazini kisiwani Vava'u. Watu kumi na wanne walikuwa wamekaa kwenye foleni. Niliposhika kisu niliuona mkono wako chini ya wangu, nikakiweka chini. Nimewarudisha wote makwao. Sijagusa jicho la mtu tangu siku hiyo, na sijui kama nitagusa tena. Niambie sikukuua mkono. Au niambie nimeuua, lakini usinyamaze.

Mwanao

Ha'ano, 15 Julai

Mwanangu,

Usishtuke kuona mwandiko huu. Ni wa baba yako. Yeye yuko kibarazani na mimi niko ndani, kama mila inavyowapasa kaka na dada. Mimi nasema, yeye anaandika.

Ni kweli, mkono hausikii tena. Nilinyamaza kwa sababu sikuwa na wa kunyoosha herufi, na yeye nilimficha. Simu nayo sikuipokea, nikiogopa maswali yako. Usilie. Nilijua ninachokitoa, na bei naiona nafuu. Mzee mzima anasoma Biblia mwenyewe, na ananikosoa nikikosea mstari. Wewe kula tu.

Shangazi yako

Losaline, haya ni yangu, na yeye hayajui. Nimemwambia natafuta bahasha.

Mkono wake haukufa Mei. Vikombe vya maua vilikuwa sita. Cha kwanza kilivunjika mwaka juzi, na kabla hujanigusa vilikuwa vimeshaondoka vinne. Nilikuwa kipofu, sikuwa kiziwi. Kila kimoja nilikisikia kikimponyoka na kuanguka, nikamsikia akifagia vipande taratibu ili nisijue. Nikanyamaza. Yeye ndiye aliyekuwa macho yangu, nikaogopa kwamba tukiutaja ugonjwa wake nitabaki peke yangu gizani. Kama kuna aliyekosa, ni mimi, na kosa langu ni la woga.

Atakataa hospitali, maana anaipenda hadithi yake. Mwambie mimi nimesema aende.

Kwanza rudi Vava'u, watu kumi na wanne wanakungoja. Kisha njoo umpime shangazi yako. Na uje na vikombe vya bati.

Baba yako