Mkunazi Wako Haukukauka

Lweba, tarehe 9 Machi

Mdogo wangu Rosette,

Barua hii siwezi kumwachia mtu mwingine aniandikie.

Baba alizika vitovu vyetu chini ya mikunazi miwili, akasema yule ambaye mti wake utaendelea kusimama ndiye atakayerithi kiwanja. Wangu ulidumaa, ukazaa kunazi ndogo, chachu, kokwa tupu. Wako ulipita paa, na kunazi zake zilikuwa kubwa kama yai la njiwa, tamu, zenye maji.

Ulipokimbilia kambi ya wakimbizi Tanzania uliniandikia mimi kaka yako mkubwa: "Yaya, mukunazi yangu iko namna gani?" Nilijibu kwamba umekauka. Hukuuliza tena, wala hukurudi.

Uliokauka ni wangu, Rosette. Miaka ishirini na mitano nimekula kunazi zako.

Sasa ziwa limepanda hadi mlangoni. Mti wako umesimama majini, umepukutisha majani yote, na sina tena kiwanja cha kukurudishia. Ndani ya bahasha kuna kokwa moja. Ipande, ingawa mbegu ya kunazi haishiki sana utamu wa mama yake.

Ni ya kunazi ya mwisho ya mti wako. Niliila jana, na ilikuwa tamu bado.

Yaya wako,
Wilfried