Ncha ya Mbingu Bafuni kwa Mzee Simai

Wanu shoga, nshatoka kwa bibi na bado siamini aliyonieleza kuhusu babu Usi.

Mwaka 1956, wiki moja kabla ya harusi yao, babu alikuwa mwalimu wa skuli, akafunga darubini juu ya paa lake. Ili ifuate nyota, mhimili wake lazima uelekee ncha ya kusini ya mbingu, na kwetu Unguja ncha hiyo iko chini kabisa, nyuzi sita tu juu ya upeo wa macho.

Basi mchana kweupe darubini ikalala, ikakodolea dirisha la bafu la Mzee Simai. Babake bibi! Mkwewe!

Mzee akapanda na bakora. "Unachungulia nini?"

"Shikamoo, Mzee. Nnatafuta ncha ya mbingu."

"Ipo bafuni kwangu?"

Jasho linamtoka, harusi anaiona inaondoka, lakini uongo babu hauwezi. "Naam. Ipo bafuni kwako."

Bafuni, Wanu! Kamjibu hivyo hivyo!

"Ihamishe!"

"Darubini ntaihamisha, Mzee. Ncha siwezi."

Mzee akainama, akachungulia mwenyewe, akashuka na bakora yake.

Harusi ikasogezwa mbele wiki mbili, mpaka waashi wamalize kuhamisha bafu.