Kacheke Jikoni

Mama,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini siwezi kuanza na wewe bila shikamoo.

Leo, kwenye misa ya arobaini yako, katekista amekuombea kama "mzee wetu, baba wa familia." Mabega yangu yakaanza kutikisika. Nikageukia upande wako wa benchi. Alikuwepo mama mwingine tu, anajipepea.

Kufukuta. Watu wakilisikia neno hilo wanafikiria hasira, au joto. Kwetu ni kucheka mdomo umefungwa, mabega yakicheza. Uliniambia lilikotoka: bibi alikuwa anafunika makaa kwa majivu yasizimike, akawaona ninyi watoto mmebana vicheko wazee wakionja pombe ya mbege. Akasema moto wenyewe unafukuta pale. Yeye alisema kwa Kichagga, Kiswahili ukakitia wewe.

Moto huo mimi nikauzima. Siku ya posa yangu, mshenga anahutubia kuhusu ua zuri aliloliona bustanini kwetu, na mbuzi waliyemleta anatafuna pindo la koti lake. Ukafukuta. Nikakunong'oneza, ila wote walisikia: "Unanitia aibu, Mama. Kacheke jikoni."

Tangu hapo, kila nilipopanda kwako Old Moshi na mume wangu, uliinuka katikati ya mazungumzo. Nilidhani unaangalia chungu cha mtori. Juzi ndipo shangazi ameniambia ulikuwa unaenda jikoni kucheka peke yako.

Aibu niliyokutia siku ile niliijua, hata hivyo. Ningekuletea isale. Jani moja tu la kuombea msamaha, na limejaa mpakani mwa kihamba chetu, shamba la nyumbani. Ungelipokea kwa mkono, yakaisha. Mimi nikapiga simu kutoka Soweto, hapo chini mjini. "Haya mwanangu, nimesikia," ukasema. Isale haliendi kwa simu, na nilijua. Nikasema nitakuja nalo Pasaka. Hukuifikia.

Leo nimeliweka kaburini, chini ya migomba. Upepo ukalisogeza. Nikalirudisha, likasogea tena. Hakuna mkono, Mama. Hakuna wa kunisamehe.

Nikaingia jikoni. Mafiga ya baridi. Nikajaribu kufukuta palepale nilipokutuma. Kikaja kilio.

Mjukuu wako Neema, pale misani, mabega yake nayo yalicheza. Sikumkanya. Nakuahidi hili moja, ndilo ninaloliweza: akifukuta mbele za watu, nitakaa naye hapohapo.

Kwaheri, Mama. Mlango wa jikoni nimeuacha wazi.